Kijana katoroka nyumbani, yuko Dar: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunayapata stendi, kwenye simu, msikitini baada ya Ijumaa, kanisani baada ya misa, na mara nyingine kutoka kwa watoto wenyewe. Sisi tunaojibu ni watu wachache tunaojitolea jioni kuzungukia Mbezi, Ubungo, Manzese, Kariakoo na Feri. Wawili kati yetu walilala nje walipokuwa wadogo. Humu tunasema "watoto wanaoishi mtaani". Lile neno chokoraa hatulitumii, maana tunajua linavyowachoma.

Nimemkuta mtoto peke yake stendi, saa nne usiku. Nianzie wapi?

Anzia kwenye njaa. Kabla ya "unatoka wapi?" mwulize amekula nini leo, kisha mkae mahali penye mwanga na watu, mle pamoja. Mabasi mengi ya mikoani yanaishia Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis tangu mwaka 2021, na mengine yanapitiliza hadi Shekilango. Jioni ndiyo saa yao ya kuteremka. Utamjua tu: haulizi nauli ya kwenda popote, kila basi likiingia anasimama kama aliyekuja kupokea mgeni, likiondoka anarudi kuketi.

Mmoja tulimkuta kavaa ndala zisizofanana, moja ya kike, amekalia begi la shule. Ndani ya begi mlikuwa na sweta, chaja bila simu, na daftari la hisabati lililojaa hadi nusu. Tulipomwuliza jina alitupa la uongo. Alipomaliza chipsi na soda akatupa la kweli, bila kuulizwa tena.

Usimpige picha. Usimrushe mtandaoni hata kama nia yako ni njema: ikiwa anamkimbia mtu anayempiga, umemwambia mtu huyo pa kumfuata. Piga 116, au mwende pamoja kituo cha polisi kilicho karibu mkaulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Na usiondoke naye peke yako kwenda kwako. Mwite mtu wa pili, mama lishe, mlinzi, wakala wa tiketi, yeyote anayefahamika pale. Hilo linamlinda mtoto, na linakulinda na wewe.

Hii 116 ni ya nani? Inakata salio?

Ni simu ya taifa ya huduma kwa mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali. Ni bure, mtandao wowote, usiku na mchana, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Anayepokea husikiliza, hushauri na kumuunganisha mpigaji na afisa ustawi wa jamii wa eneo lake. Usitarajie gari lije dakika ile ile. Andika saa uliyopiga na mlichoelewana, ili ukipiga tena kesho usianze hadithi upya.

Ofisi inayohusika hasa ni ipi? Kila mtu ananitajia yake.

Ni ustawi wa jamii wa halmashauri uliyomo. Dar ina tano: Jiji la Dar es Salaam, yaani Ilala, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kama hujui ofisi yao ilipo, mtendaji wa mtaa au wa kata anajua, na ana wajibu wa kukuonyesha.

Usiende ukiwa mnyonge kana kwamba unaomba fadhila. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na anayezurura bila makazi inamhesabu kuwa mtoto anayehitaji uangalizi na ulinzi. Kifungu cha 94 kinaitwika halmashauri kazi ya kulinda ustawi wa watoto waliomo katika eneo lake, ikiwa ni pamoja na kumpatia hifadhi aliyepotea au kutelekezwa na kuwatafuta wazazi wake. Haijalishi katoka Kondoa, Lushoto au Newala. Akiwa Manzese, ni wa Ubungo. Tumesikia mara nyingi "huyu si wa kwetu, arudi mkoani kwao", na jibu letu ni hilo hilo.

Kwa nini mnasema mtoto hapaswi kuelekezwa ofisi, bali apelekwe?

Hili ndilo jambo tunalotaka ulibebe hata ukisahau mengine yote.

Kijana mmoja, wa miaka kama kumi na minne hivi, alielekezwa ofisi fulani na mtu mwema. Akaenda kwa miguu. Mlinzi getini akamwangalia miguu, akamwambia arudi akiwa amevaa viatu. Akaazima raba za mwenzake, kubwa kwa namba mbili, akarudi. Safari hii aliingia, akaambiwa mhusika yuko kwenye kikao, njoo Jumatatu. Jumatatu akaulizwa: barua ya mtendaji iko wapi? Mtendaji wa mtaa gani, wakati analala chini ya meza za soko? Hakurudi mara ya nne. Sisi tulikutana naye miezi mingi baadaye, na alipotusimulia hakuwa na hasira yoyote. Alisema tu, "Bro, kule ni kwa watu wenye makaratasi."

Huduma zipo. Ila kati ya ofisi moja na nyingine kuna geti, kuna nauli ya daladala, kuna foleni, kuna swali moja la dharau, na mtoto aliyezoea kufukuzwa hahitaji kufukuzwa mara mbili ndipo akate tamaa. Ukiwa naye, mlinzi hafiki kwenye miguu. Ukiwa naye, "njoo Jumatatu" inageuka "ngoja nimpigie". Kwa hiyo panda naye daladala, keti naye kwenye benchi, mwache aseme mwenyewe, na usiondoke mpaka umejua jina la atakayemhudumia na usiku ule atalala wapi. Kama huna siku nzima ya kutoa, mtafute mwenye nayo. Wastaafu wanaifanya kazi hii vizuri kuliko sisi. Wana subira, na maofisini wanaamkiwa shikamoo.

Nikimpeleka polisi hawatamweka ndani kwa uzururaji?

Hofu hiyo ina sababu. Misako inafanyika, na vijana wengi mtaani wameshapakiwa kwenye karandinga angalau mara moja. Ndiyo maana tunasema uliza Dawati la Jinsia na Watoto, usiishie kaunta. Kulala nje si kosa la mtoto, ni dalili kwamba anahitaji ulinzi, na Sheria ya Mtoto inamtazama hivyo.

Akiwa ametuhumiwa kosa lenyewe, mathalani wizi wa simu, bado hapaswi kuchanganywa na watu wazima mahabusu. Kesi za watoto husikilizwa Mahakama ya Watoto, na ya Dar iko Kisutu. Mahabusu yao iko Upanga. Mzazi, mlezi au afisa ustawi anatakiwa awepo. Kwa wakili wa bure jaribu Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, au Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko kwenye kata, na kwa jambo la haraka hao ndio walio karibu.

Kuna mahali pa kulala usiku huu?

Kwa aliye chini ya miaka 18, papo, lakini hapafunguliwi kwa kugonga mlango. Serikali ina Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini, na yako makao ya mashirika na ya taasisi za dini. Mtoto huingizwa kupitia ustawi wa jamii, na afisa ndiye anayejua wapi pana nafasi. Ukisikia kituo kinachopokea watoto bila kumhusisha afisa yeyote, uliza leseni. Makao ya watoto lazima yasajiliwe, na nyumba isiyotaka kuulizwa swali hilo tusingempeleka mtoto.

Kuna pia vituo vya mchana, ambako mtoto anaoga, anafua, anacheza, anazungumza na mtu, kisha jioni anaondoka. Watu huviona kama nusu ya msaada. Sisi tumeona tofauti: wengi walioacha mtaa walianzia kwenye maji ya kuoga na mpira. Kituo cha Baba Watoto pale Mburahati kilijenga kazi yake juu ya sarakasi na michezo, na mtoto aliyekataa kuzungumza na afisa wiki nzima utamkuta pale amesimama juu ya mabega ya mwenzake akicheka.

Nina miaka 19. Kila ninapokwenda wananiambia mimi si mtoto.

Mdogo wetu, wanakwambia kweli, na hilo linatuuma. Mlango mkubwa unafungwa siku unapotimiza 18, na hakuna mtu aliyeamka siku hiyo akiwa na kodi ya chumba mfukoni. Hatutakudanganya kwamba kuna hosteli ya serikali inayokusubiri.

Kilichopo ni hiki. Ustawi wa jamii bado wanakuhudumia ukiwa umefanyiwa ukatili, una ulemavu au unaumwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anashughulika na vikundi: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo 4 ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimama mwaka 2023 na kurejea 2024. Inakwenda kwa kikundi, kwa hiyo unahitaji wenzako unaowaamini, na kitambulisho cha NIDA. Kama umeshajifunza ufundi kijiweni, kuchomelea, kupaka rangi, kupika, VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kukupa cheti. Ulizia chuo chao cha Chang'ombe.

Na tunalolijua kwa uzoefu: wengi waliotoka walianza kwa kuchanga kodi ya chumba kimoja watatu au wanne, Tandale au Mbagala, mmoja wao akiwa na kazi ya kueleweka. Chagua wa kuchanga naye kwa makini zaidi kuliko unavyochagua chumba.

Dada wa kazi wa jirani kafukuzwa usiku na begi lake. Huyo naye anahusika humu?

Anahusika kabisa, na pengine kuliko wote, kwa sababu haonekani. Mvulana aliyetoroka utamwona barabarani akifuta vioo vya magari. Msichana huwa yumo ndani ya nyumba za watu, na siku akitoka anapokelewa haraka na mtu anayejidai mjomba. Saa mbili za kwanza ni muhimu mno.

Mkaribishe akae na wanawake wa mtaa, mjumbe ajulishwe, na 116 ipigwe kama yuko chini ya miaka 18. Shirika la KIWOHEDE limekuwa likiwasaidia wasichana wa namna hii kwa miaka mingi, hasa waliotumikishwa majumbani na waliotumbukizwa kwenye biashara ya ngono. Kama aliletwa mjini kwa ahadi ya shule kisha akageuzwa mtumishi asiyelipwa, hilo linaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Ajira kwa mtoto wa chini ya miaka 14 hairuhusiwi. Mshahara wake adai, lakini kesho, akiwa na mtu pembeni. Usiku ule kwanza alale salama.

Ananiambia amebakwa. Au amelawitiwa.

Mwamini. Mwambie, kwa maneno mepesi, kwamba si kosa lake. Wavulana hulisema hili kwa mzaha, wakiangalia pembeni, na ukicheka nao umelifunga.

Halafu hospitali, mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura nayo inawahiwa, siku tano zisipite. Asioge na asifue nguo alizovaa kama inawezekana. Kama ameshaoga, nendeni vivyo hivyo. Tafuteni kituo cha mkono kwa mkono, mfano Hospitali ya Amana, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja na mtoto hasimulii mara nne. Fomu ya polisi, PF3, hailipiwi, na isiwe sababu ya kuchelewesha tiba.

Niwape hela wanapoomba kwenye foleni?

Tunaulizwa hili kuliko yote na hatuna jibu moja. Fahamu hela hiyo inakwenda wapi. Mtoto mdogo akilala nayo, usiku wakubwa wa maskani wanampekua. Ndiyo maana pale Feri yuko mama lishe mmoja ambaye watoto wanamwekea akiba. Ana kopo la maziwa ya unga lenye vifuko vidogo vya kitambaa, kila kimoja kimefungwa uzi wa rangi yake, maana wenyewe hawasomi. Jioni mtoto anakuja na mia tano, anaonyesha uzi wake. Asubuhi anakata ya chai, inayobaki inarudi kwenye kopo. Hajawahi kuitwa kwenye semina yoyote ya ulinzi wa mtoto, na sisi tukitaka kujua nani mgeni, nani anaumwa na nani hajaonekana siku tatu, tunaanzia kwake.

Ukitaka kutoa, toa kupitia mtu wa namna hiyo: lipia sahani tano za wali maharage, waambie watoto waje kula. Au mpe mtoto jina lako na siku utakayopita tena, halafu upite kweli.

Ananusa gundi. Nimnyang'anye?

Hapana, na usimkimbize. Aliyetoka kunusa gundi au petroli akishtuliwa na kukurupuka mbio, moyo unaweza kusimama papo hapo. Ongea naye taratibu, msogeze penye hewa, ngoja. Wengi wananusa ili wasisikie njaa na baridi ya alfajiri. Ukishatatua pa kulala, hamu yenyewe inapungua.

Unga ni jambo jingine. Anayetumia heroini kuna kliniki za methadoni: Muhimbili walianza mwaka 2011, na zipo Mwananyamala na Temeke. Huduma ni bure, lakini dozi hunywewa pale pale kila siku, kwa hiyo nauli ndiyo inayowashinda. Ukiweza kumlipia nauli ya mwezi wa kwanza, umefanya kubwa.

Anaweza kurudi shule? Hana hata cheti cha kuzaliwa.

Anaweza. Kwa aliyepitwa na umri kuna MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, katika baadhi ya shule za msingi, na kuna mpango wa elimu changamani kwa vijana walio nje ya shule, IPOSA, wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, unaochanganya masomo na stadi za kazi. Msichana aliyeacha kwa sababu ya mimba, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arejee katika mfumo rasmi.

Cheti cha kuzaliwa kinashughulikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kusanya chochote: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cha kumaliza darasa la saba, barua ya mtendaji. Cheti kisimzuie kuanza. Zungumza na mwalimu mkuu ana kwa ana, ukiwa umeongozana na afisa ustawi.

Mtamrudisha kwao kwa nguvu?

Hapana. Kurudi nyumbani ndiko tunakokupenda, ila kunaandaliwa. Ustawi wa jamii wa Dar huwasiliana na wa wilaya ya kwao, nyumba inatembelewa, na kinachochunguzwa ni kile kilichomkimbiza: fimbo, pombe, mama wa kambo, njaa, au shule aliyoaibishwa. Mtoto aliyepakiwa kwenye basi bila hayo kufanyika tunakutana naye tena Mbezi, mara nyingine kabla ya mwezi kuisha, na safari hii jina la kweli halitaji hata baada ya chipsi.

Nina chumba cha ziada. Naweza kukaa naye mimi?

Mungu akubariki kwa kufikiria hivyo, lakini usianze kimya kimya. Kuna utaratibu wa "mtu wa kuaminika": ustawi wa jamii wanakukagua, wanakuandaa, na unampokea mtoto kwa muda wakati familia yake inatafutwa. Malezi ya kambo ya muda mrefu yana kibali chake. Nenda ukajiandikishe sasa, kabla hujamkuta mtoto, maana usiku wa kumkuta hakuna ukaguzi unaowezekana. Na ujue atakachofanya: ataficha mkate chini ya godoro, atalala na viatu. Acha tu.

Mwanangu ametoroka, nasikia yuko Dar. Nimtafute wapi?

Pole sana, mama. Pole, baba. Toa taarifa polisi, dawatini, na upige 116 ukiwa huko huko uliko kabla ya kupanda basi. Ukifika, pita Mbezi jioni, Feri na Kariakoo alfajiri, mabasi ya kwanza yanapoondoka na mizigo inaposhushwa. Waonyeshe picha mama lishe na wapiga debe, usiwaonyeshe watoto kwanza, kwa sababu wakidhani wewe ni mtu mbaya watamwonya akahama.

Ukimwona, usimwite kwa sauti. Mtume mtu anayemfahamu akamwambie umekuja na umekaa wapi. Agiza chai mbili, usubiri. Wengine huchukua saa nzima kuvuka barabara.